Nyundo Juu ya Topazi

Baba yangu hakuzaliwa mchimbaji. Alikuwa mtu wa mkonge, kwenye mashine ya katani nje kidogo ya mji wa Korogwe, mpaka ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, na shamba likapata mwenyewe mpya. Huyo mwenyewe mpya alipunguza wafanyakazi kama mtu anayepogoa mti uliomzibia dirisha. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi, redio na mitumba, na sisi tukawa tunapita kutazama. Wapo wanaoukumbuka wakati ule kwa furaha. Mimi sina furaha hiyo na sitajilazimisha.

Waliopunguzwa walisikia kwamba vilima vya Handeni vina mawe ya thamani. Ruksa ilikuwa ruksa hata kwa udongo, unabeba sururu unakwenda. Lakini sururu na chakula cha porini vilitaka mtaji, na mtaji pekee nyumbani kwetu ulining'inia masikioni mwa mama. Zilikuwa hereni za dhahabu alizovishwa na bibi siku alipotoka Bungu, kule mlimani, kuja kuolewa na Mzigua wa bondeni, ambaye kwao mama hawakumtaka. Baba hakuzichukua kwa ujanja. Aliziomba mbele yetu, akaahidi kwamba jiwe zuri la kwanza halitauzwa. Litakatwa, litazungushiwa dhahabu, mama alivae shingoni, na siku hiyo watapanda Bungu pamoja wakaonekane. Mama alizivua palepale.

Kaka zake walipopata habari walikuja juu. Walisema dada yao amevuliwa dhahabu na mtu wa sururu, na kama ahadi yenyewe ni ya uongo watamrudisha nyumbani. Tangu hapo ndoa ya wazazi wangu ikawa inangoja jiwe.

Likapatikana. Baba alirudi nalo kwenye kitambaa, ukubwa wa yai la njiwa, halina rangi, limetakata kama maji ya mtungi. Alisema ni topazi. Mimi nilikuwa nimetegemea kitu chekundu, au hata cha njano, nikamwambia kwa mdomo wangu mrefu, "Baba, hiki si kipande cha chupa?"

Alicheka, akanitilia mkononi. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Kisha akaokota uani lile jiwe jeupe gumu ambalo watoto hukwaruzia chupa, akapitisha topazi yake juu yake. Mchirizi ukabaki, na haukufutika kwa kidole. "Chupa ina ubavu huo?" aliniuliza. Haikuwa nao. Baba alikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wajomba walishuka Jumapili. Waliamkiana na baba kwa heshima zote, wakanywa chai, na mkubwa wao akaweka kikombe chini.

"Shemeji, tumekuja kuliona hilo jiwe lililokula hereni za dada yetu."

Baba akampa. Mjomba aliligeuza juani, akamrudishia. "Hii chupa, shemeji."

"Siyo chupa. Topazi hiyo."

"Tutajuaje sisi watu wa mlimani?"

Kule machimboni Handeni wanaume walikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeihoji: jiwe la kweli halivunjwi na nyundo, na likivunjika basi lilikuwa la uongo tangu mwanzo. Walipimana hivyo hadharani, kwa majivuno, na aliyevunjikiwa alizomewa. Sijui ni mawe mangapi mazuri yalifia kwenye mtihani ule wa wajinga. Baba aliingia ndani, akatoka na nyundo.

"Baba watoto, acha," mama alisema. "Waache waseme."

Baba alikuwa anatabasamu. Aliliweka juu ya kipande cha chuma tulichonyooshea misumari, akagonga mara moja, wala si kwa nguvu.

Lilipasuka vipande viwili. Lilipasuka sawasawa, kama kuni kavu iliyopatiwa njia yake, na pale lilipoachana palikuwa bapa, laini, panameta. Mjomba mdogo akacheka puani. Baba aliokota vipande, akaenda kuvitupa chooni, na mama akaingia kufunga nguo zake. Hakulia. Alimwambia tu mumewe, "Ungenidanganya kwa kitu kingine."

Nilibaki na baba. Hakurudi tena Handeni. Alilima vibarua kwenye mashamba ya watu, na mtaani wakamwita Mzee Chupa, akawa anaitika. Alikufa akiamini kwamba alikuwa mjinga. Mama hakushuka msibani.

Baadaye nilipata kazi ya kupokea wateja kwa sonara mmoja pale pale Korogwe. Siku moja mwanamke alileta pete iliyokatika, yenye jiwe la buluu. Fundi alikataa kuipeleka kwenye moto kabla hajalitoa jiwe.

"Topazi hii," alisema. "Haipendi moto wa ghafla, na ukiigonga vibaya umeipoteza."

Nikamwambia topazi ni ngumu.

"Ngumu kukwaruza. Kugongwa ni habari nyingine. Ina njia yake ndani, kama ubao. Ukiigonga kwenye njia hiyo inaachana bapa, utadhani imekatwa kwa msumeno."

"Na chupa?"

"Chupa huvunjika kwa mabonde. Haitoi bapa hata siku moja."

Nikauliza kuhusu rangi. Akasema nyingi hutoka ardhini zikiwa kama maji, huo ubuluu hutiwa na mashine. Niliduwaa pale kaunta, na yule mwanamke akawa ananiuliza lini arudi. Nilikuwa na hasira ya kuvunja vioo vya kabati. Pigo lililomfanya baba kuwa mwongo ndilo lililomtolea ushahidi, na sisi sote tuliokuwa pale hatukujua kuusoma.

Nikapanda Bungu. Nilimkuta mama anachambua maharage kwenye ungo, nikamweleza yote kwa haraka, kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo lilikuwa lenyewe."

"Lilikuwa lenyewe, mama."

"Na yeye alikufa akijua?"

"Hakujua."

Nilitegemea atalia, nikajisogeza nimshike. Akausogeza ungo katikati yetu.

"Nilikuwa nimeshamzoea akiwa mwongo," alisema. "Mwongo unaweza kumwacha, ukala, ukalala. Sasa huyu uliyeniletea leo nikamwombe msamaha wapi?"

Alirudi kwenye maharage yake, na tulipomaliza kula aliniambia gari la kushuka Korogwe huondoka alfajiri, niangalie lisiniache.