Gari Ambalo Halikutoka Kwenye Lami

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana mbele huko hutacheka. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Mimi ni fundi magari hapa Makambako, mwaka wa ishirini huu, na kanisani naimba besi. Habari za mizimu nilikuwa nawaachia wasio na kazi.

Wakati huo nilikuwa pia mkaguzi wa kampuni moja ya Dar inayouza magari kwa waranti. Gari likiharibika huku kwetu kabla ya muda wake, mimi naingia uvunguni, natazama, nasaini kwamba watengeneze au wasitengeneze. Masharti yao yalikuwa mengi, na kubwa kuliko yote lilikuwa hili: gari likitoka kwenye lami, waranti imekufa.

Basi akaja Zakayo, kijana anayeuza miche ya parachichi, na gari lake la spoti. Jekundu, milango miwili, limelala chini hata kuku hapiti. Shokapu za kushoto zilikuwa zimekwisha kabisa, zinavuja mafuta, na gari lina miezi minne tu! Za kulia hazina hata mkwaruzo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wewe umebeba viazi." Akaapa hajabeba hata kilo moja. Nikaingia chini na tochi kutafuta udongo, maana udongo wetu mwekundu hata uoshe vipi, haukosi kubaki mahali. Sikuona hata chembe. Nikasaini kwa roho safi kwamba gari hili halijawahi kutoka kwenye lami. Shokapu mpya zikaletwa, nikazifunga.

Baada ya miezi miwili akarudi. Upande uleule.

Safari hii nikalijaribu mwenyewe, peke yangu, kuelekea Njombe. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu umeshuka mpaka huoni mbele. Sijafika mbali, kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile inayolia abiria asipojifunga. Abiria gani? Nikatazama kushoto. Kiti kilikuwa kitupu, lakini kimebonyea pale mtu anapokalia. Niamini, nilinyoosha mkono, nikavuta ule mkanda nikaufunga pasipo mtu, na kengele ikanyamaza. Kwa nini sikuruka nje? Sijui mpaka leo.

Niligeuza nikarudi. "Nani anakaa kushoto?" nikamuuliza Zakayo. Akachuchumaa palepale karakanani, akaanza kulia.

Ni mama yake. Alikuwa kwa Zakayo hapa Makambako akitibiwa, akapata nafuu kidogo, akaomba arudishwe nyumbani Lupembe, mbele ya Njombe. Zakayo akampakia. Walipofika pale lami inapokatika, mvua inanyesha, mbele ni tope tupu. Akasimama. Mama akamwona jinsi anavyolitazama lile tope, akamwambia, "Niache hapahapa, baba. Usiharibu gari yako. Lori la majani litanichukua." Akamshusha na begi lake, akageuza. Siku ile ilikuwa Jumapili, na Jumapili majani ya chai hayachumwi, lori halipiti. Zakayo hakukumbuka. Mama yeye alijua, akanyamaza.

Walimkuta kesho yake asubuhi amekaa juu ya begi, amelowa chepechepe, ameshakufa.

Nilimchukia yule kijana, nasema kweli. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyelisifia lile gari kwa saini yangu, kwamba halijatoka kwenye lami, nikajichukia na mwenyewe. Nikamwambia, "Waranti ipotelee mbali. Mpeleke mama yako nyumbani."

Tulikwenda Jumamosi. Zakayo alifunga mkanda wa kile kiti kitupu taratibu, kama unavyomfunga mgonjwa, akatangulia. Mimi nikafuata na pikapu. Njia nzima niliona gari lake limeinama kushoto. Lilipoiacha lami tu, upande wa kushoto ukainuka, gari likakaa sawa. Nikakanyaga breki.

Ukingoni mwa lami alisimama mama mmoja mzee, kavaa sweta la kijani na kitenge, begi liko miguuni. "Kamwene," akanisalimu. Nikaitikia, ulimi ulitangulia akili. Akasema kwa upole, "Mwambie mwanangu aende tu, asiharibu gari. Mimi nasubiri lori." Sweta lilikuwa linachuruzika maji, na mvua haikuwapo. Unanielewa? Jua lilikuwa linawaka!

Niliposhuka kwenye pikapu, hakuwapo. Zakayo akaja mbio, anasema mkanda umefunguka wenyewe. Nikamwambia nilichokiona. Akapiga magoti kwenye vumbi akaita, "Mama, panda! Panda twende nyumbani!" mpaka vijana wa bodaboda wakasimama kutushangaa. Hakupanda mtu. Tukageuza, na kabla hatujafika Njombe mjini, gari mbele yangu likainama tena kushoto.

Tumejaribu na mchungaji. Tumejaribu na dada zake, wanamwimbia njia nzima kutoka Makambako. Kila mara anashuka palepale alipoachwa, na tukirudi anapanda. Ukaguzi nimeuacha. Zakayo hawezi kuliuza lile gari, maana atakuwa anamuuzia mtu mama yake. Amekonda, haongei na watu. Kila baada ya miezi miwili analeta shokapu za kushoto, namfungia.

Sasa wewe unayesoma, nakuomba sana. Mama yako akikwambia umwache hapohapo njiani, kwamba atafika mwenyewe, anakudanganya kwa sababu anakupenda. Usimsikilize. Mpeleke mpaka mlangoni, na gari kama ni kufa, life.