Miaka Ambayo Haikulingana

Bibi ninayemhudumia katika mji wa DeSoto, Marekani, ni mwalimu mstaafu, Mmarekani Mweusi. Mimi humpikia, humpa dawa na kumwendesha. Mwaka jana alikuwa na jambo moja moyoni: kuweka jiwe lenye jina kwenye kaburi la mama mzaa bibi yake, katika kaunti ya mashambani, mwendo wa saa mbili kwa gari. Kamati ya makaburi ilimtaka athibitishe kwanza kwamba aliyezikwa pale ni wa ukoo wake. Ukoo ungekutana pale Jumamosi, na alikwisha kuwaahidi jiwe.

Tulikwenda Jumanne ya wiki hiyo hiyo. Chumba cha kumbukumbu kiko nyuma ya mahakama, na mzee mmoja wa kujitolea ndiye anayekitunza. Alituletea nakala za madaftari mawili ya sensa, yaliyopishana miaka kumi, pamoja na cheti cha kifo. Jina lilikuwa lile lile. Ila katika daftari la pili mwanamke yule alikuwa ameongezeka miaka minne tu, na cheti nacho kilimpa umri mwingine kabisa.

"Hawa ni wanawake watatu," mzee alisema kwa upole. "Pole, mama."

Bibi akafunga mkoba. "Nirudishe nyumbani, binti."

Sikuinuka. "Mzee, mimi kwenye karatasi nimezaliwa tarehe mosi Januari. Mume wangu pia. Na Warundi wenzetu nusu ya jengo tunaloishi."

"Basi keki moja inawatosha."

"Inabaki, maana hakuna aliyezaliwa siku hiyo. Mama anasema nilizaliwa wakati wa kuvuna maharage. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, karani alinitazama usoni akaandika mwaka alioona unanifaa."

Hili ni rahisi ukilitazama taratibu. Mtoto aliyezaliwa utumwani, kama mwanamke yule, mara nyingi hakuandikiwa siku yake. Karani wa sensa akifika mlangoni alikisia, na karani mwingine akakisia vyake. Umri ule ulikuwa wa makarani. Waliotuhoji kambini kabla ya kutuleta Marekani walilijua hilo, ndiyo maana walituuliza: nani alikufuata kuzaliwa? Nyumba iliyofuata yenu ilikuwa ya nani? Hayo mtu hasahau.

Basi tukayaweka madaftari pamoja. Watoto walikuwa wale wale, kwa mfuatano ule ule. Nyumba iliyofuata, katika yote mawili, ilikuwa ya mhunzi mmoja. Nikashuka na kidole hadi chini ya cheti, palipoandikwa aliyetoa taarifa za kifo. Alikuwa binti wa mhunzi, yule yule aliyeandikwa mtoto mchanga katika daftari la kwanza.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akasoma upya. "Miaka yote hii mimi huanza na umri."

"Sisi tunauacha mwisho," nilimwambia.

Akatoa fomu ya kamati, akaijaza polepole. Alipofika kwenye nafasi ya mtafiti, alimsogezea bibi kalamu. Bibi akaisukuma kwangu.

"Aliyetafuta ni huyu."

Nimejaza fomu nyingi maishani, zote zikinitaka nithibitishe mimi ni nani. Hii ilikuwa ya kwanza ambayo mimi ndiye niliyemthibitisha mtu mwingine. Nikaandika majina yangu yote kwa herufi kubwa.

"Usiharakishe," bibi alisema, akiinama kuangalia mwandiko. "Hadi Jumamosi kuna muda."