Eda Mbili za Asya

Jumamosi ile ugomvi wetu ulikuwa juu ya sufuria. Shaaban inakwisha, nyumba yetu ya Malindi, Unguja, inanuka sabuni na bizari, na shemegi yangu Suleiman kalipeleka sufuria letu kubwa la shaba kwa fundi kutiwa bati, kisha kakaa barazani na gazeti lake kama mtu aliyemaliza kazi zote za dunia. Mdogo wangu Asya, mkewe, alitaka kupika boko-boko, ngano ya kusongwa na nyama, la vunja jungu kabla ya Ramadhani. Alipike wapi, kiganjani?

"Kesho asubuhi nnakwenda kulichukua," Suleiman alisema.

"Kesho yako hiyo naijua. Usiponiletea sufuria, usirudi," Asya alimjibu.

Tukacheka. Wanawake wa Unguja waliwaambia waume zao maneno kama hayo kila siku, na waume wakirudi.

Alfajiri tukasikia milio kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Nikadhani fataki.

Mchana redio ikasema serikali imepinduliwa. Tukafunga madirisha.

Jumatatu wakagonga.

Walikuwa vijana wenye bunduki na mapanga. Mmoja nilimjua, akituuzia mkaa. Hakunitazama. Walimchukua Suleiman kichwa wazi, Asya akimfuata na kofia yake mkononi mpaka mlangoni.

Wakapinda kona.

Nikasikia risasi.

"Hizo za mtaa wa pili," Asya alisema.

Hatukuletewa maiti, wala hatukuonyeshwa kaburi. Kila tulikouliza tulifukuzwa. Mwaka ule ule tukapanda meli, mimi, Asya na wanawe wawili, kwenda Maskati, alikozaliwa babu yetu na ambako sisi hatujapata kukanyaga.

Meli ilitia nanga Adeni, tukashushwa kwenye uwanja wa bandari usio na hata kivuli. Hapo wakaja wanawake na vikapu vya mkate na mayai. Bibi mmoja kwenye safu yetu akanong'ona kwamba hao ni Mayahudi, wametumwa na sinagogi lao, akawa anaugeuzageuza mkate. Mimi niliula. Aliyetugawia alikuwa mama wa makamo, kajifunga kitambaa cha kichwa, na swali lake lilikuwa moja tu: watoto wangapi? Asya ndiye aliyeanza kujieleza, kwa Kiarabu chetu kibovu, kwamba mumewe kachukuliwa na hajui yu hai au kafa. Yule mama akaweka kikapu chini. Alisema duka la baba yake liliwahi kuchomwa moto na watu wa mji ule ule. Akasema na kwao mke wa mume asiyejulikana alipo hubaki amefungwa, haolewi, na mumewe haliliwi, na wazee wao hubishana miaka.

"Waachie wanaume hukumu zao," alisema. "Watoto wale kwanza."

Nilimkumbuka mama yule mara nyingi Maskati, na kila mara nilipomkumbuka nilikuwa nimekasirika.

Jamaa wa msikiti wetu Maskati walikuwa na nyumba ya wakfu, iliyoachwa na bibi mmoja tajiri wa zamani kwa ajili ya wajane. Mimi nilifiwa zamani, eda yangu nilikaa, mashahidi ninao. Nikapewa chumba siku ile ile. Chumba cha pili yake kilikuwa kimefungwa kufuli. Nikamwomba mwangalizi, Sheikh Humud, ampe Asya na watoto.

"Amekaa eda?"

"Hajakaa."

"Basi si mjane."

"Ana mume, basi?"

"Allahu aalam."

"Kama ana mume, Sheikh, mwambie huyo mume amlipie nyumba!"

Sheikh Humud hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Mtu mbaya unamtukana ukalala. Huyu alikwenda kuwauliza wazee, wazee wakakaa baada ya sala ya Ijumaa, wakafungua vitabu, wakatoka na jibu: mke wa aliyepotea vitani atasubiri miaka minne, kisha ahukumiwe kuwa mjane, kisha akae eda, kisha aombe chumba.

Nikamuuliza hiyo miaka minne watoto walale wapi. Akasema wanaweza kuwa wageni wangu, ingawa ugeni kwa kawaida ni siku tatu.

Chumba kile chenye kufuli, mnataka kujua kilikaliwa na nani? Masufuria. Masufuria ya msikiti na mikeka ya kutandikia matanga. Kila Alkhamisi sisi wanawake tulipika kwa ajili ya wenzetu waliokuwa wakiingia na vifurushi vyao, na mpishi mkuu alikuwa Asya. Hakuna aliyeuliza kama mpishi amekaa eda. Sheikh Humud alifungua kufuli, Asya akatoa masufuria, akapika wali kwa papa mkavu aliyeletwa kwa punda kutoka Yiti, akagawa tende za Bawshar, akaosha masufuria, akayarudisha ndani penye kivuli. Kisha Sheikh Humud akafunga. Masufuria yakalala chumbani, Asya na wanawe wakalala ukumbini, kwa sababu chumba changu joto lake lilikuwa la tanuri.

Wanawake wa jamaa wakapata shauri. Tumsomee Suleiman khitma, walisema, mji mzima ule pilau, wazee nao wakubali kwamba kafa. Walikuwa na nia njema na mchele walishachanga. Asya alikuwa akichochea moto aliposikia. Akaipua chungu, akakiweka chini.

"Mnamsomea nani?"

"Asya," nilimwambia, "nlisikia risasi kwa masikio yangu haya. Sema neno moja, watoto wapate pa kulala."

"Ulisikia risasi. Hukumwona Suleiman."

Nilishindwa nimkasirikie nani kwanza, yeye au wazee. Niliwakasirikia wote. Mume mfu anapiganiwa kama yu hai, watoto hai hawana mtu wa kuwapigania! Lakini mchele ule ulirudishwa kwa wenyewe, na khitma haikusomwa.

Miaka ikapita hivyo. Kusini mwa nchi vita vingine vikaanza, na wanawake wengine wakaanza kuja msikitini na habari zilizofanana na za Asya, mume kaondoka na bunduki, hajulikani alipo. Wazee wakafungua vitabu vile vile.

Kisha mwanawe mdogo, Nassor, akashikwa na kifua. Akawa anakohoa mpaka anatapika, na tabibu akasema mtoto huyu asilale tena ukumbini penye vumbi. Miaka minne ilikuwa imeshatimia. Asya alimfunika mwanawe, akanijia.

"Waambie wazee nitakaa."

Akakaa. Alivua bangili, akavaa kanga kuukuu, akajifungia chumbani mwangu miezi yote minne na siku zake kumi, na sikumwona akitoa chozi. Alikuwa kama mtu anayengoja zamu yake ofisini. Ilipokwisha, masufuria yakatolewa chumba cha pili kwa kuhema sana, yakahamishiwa ghala ya msikiti, na mikeka ikapelekwa ua wa msikiti. Asya akaingia na watoto wake. Wiki ya kwanza tu akamkaribisha mke wa askari aliyepotelea kusini. Sheikh Humud akaja kuuliza kama huyo amekaa eda.

"Ana watoto watatu," Asya alimjibu, akarudi ndani.

Mwaka wa sabini nchi ikapata mtawala mpya, milango ikafunguka, na jamaa wa Unguja wakaanza kuingia kwa wingi. Shaaban ya mwaka huo akaja mzee mmoja, mwembamba kama ufito, akiuliza nyumba ya Asya. Alikuwa ametoka kifungoni Unguja. Alikaa kwenye mkeka, akatazama mikono yake, akasema yeye ndiye aliyemwosha Suleiman. Amekufa Rajabu hii, mwezi uliopita, kwa maradhi ya tumbo.

Rajabu hii! Nilimwambia arudie. Akarudia.

"Kila Shaaban alitwambia," mzee akaendelea, "nikitoka hapa kwanza nnalifuata sufuria, au mke wangu hanifungulii mlango."

Asya aliuliza kama alikuwa amekonda. Mzee akasema ndiyo, sana. Asya akamshukuru, akampa kahawa, akaingia chumbani. Nilipomfuata nilimkuta amevua bangili.

"Nnakaa eda," alisema.

Habari zikafika msikitini kabla ya sala ya Magharibi. Sheikh Humud akaja mbio, akasimama mlangoni mbele yangu, pumzi juu.

"Hana haja, Bi Zuwena. Kwa hukumu yetu eda yake imeshapita. Huyu si mkewe tena."

"Sheikh, alipokuwa hai mlitaka akaliwe eda. Leo amekufa, mnasema asikaliwe?"

"Hukumu ilitolewa kwa haki."

"Sikatai. Lakini akikaa nyinyi mnapungukiwa nini?"

Asya akasema kutoka ndani, bila kupandisha sauti. "Ile nlikaa kwa ajili ya chumba, Sheikh. Hii nnamkalia Suleiman."

Sheikh Humud akatoa ufunguo wa ghala ya msikiti, akanipa mimi, ili tutoe masufuria tumpikie Suleiman. Safari hii Asya alilia, mchana na usiku, na hatukumnyamazisha.

Mimi nilimzika Suleiman moyoni siku ile ile ya Jumatatu, miaka yote hiyo yeye yu hai akiwaza sufuria. Na siwezi kujituliza kwa kusema nilisikia vibaya, maana risasi zililia kweli na zilimpata mtu. Sijui nani. Huenda mkewe alikuwa mtaa wa pili, amefunga madirisha, akiwaambia wanawe kwamba hizo ni za kwetu.