Povu Kwenye Chai ya Mwalimu

Nilipiga funda moja tu la chai, mdomo ukajaa povu.

Si utani. Sabuni ya kufulia.

Nikatema kwenye sinki. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na nne, akauliza, "Vipi, sukari imezidi?" Maskini, yeye sukari hatumii. Kopo la sukari ni la wageni.

Macho yake yamebakiza ukungu tu. Kazi yangu ni kuwafundisha wazee kama yeye waendelee kuishi wenyewe majumbani mwao. Kwake nilifunga mpira mmoja kwenye kopo la sukari, miwili kwenye la chumvi, ayatambue kwa kupapasa. Kwenye swichi za jiko nikabandika vitone vya plastiki, vidole vimwambie moto umefika wapi.

Na alikuwa ameiva! Anapika, anafua, ukimsumbua anakutimua jikoni.

Ghafla mambo yakaenda kombo. Vitone vikabanduka. Kigoda kikahamia mlangoni, akaanguka, goti likachubuka. Sasa sabuni.

Binti yake, kitindamimba, akawa ananipigia simu analia. "Dada, mama hawezi tena. Andika ripoti apelekwe makao ya wazee. Naumia mwenzio."

Nami kwa ujinga wangu nikaanza kuiandika.

Jumanne nikafika mapema. Mlango wa nyuma uko wazi. Binti yuko jikoni, kucha ndefu zinabandua vitone nilivyoweka juzi. Anaimba kabisa.

Nikaingia.

"Unafanya nini?"

Akashtuka. Halafu, sikilizeni hii, akatabasamu.

"Dada, sisi watu wazima. Vyumba vinne, anakaa mtu mmoja asiyeona. Mimi na mume wangu tumebanana chumba kimoja. Ni haki?"

"Na sabuni?"

"Ile ilikuwa yako, uone mwenyewe hawezi."

"Na jiko? Mama yako angeungua!"

"Asingeungua sana."

Asingeungua sana! Nilitamani kumtemea mate.

"Mwache," sauti ikatoka koridoni. Mwalimu amesimama, kiganja ukutani. "Nilijua tangu siku ya kigoda."

"Ulijua, Mwalimu, ukanyamaza?"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Kwamba hiki nimekizaa mimi? Nyayo zake nazijua, nilimfundisha kutembea."

Binti akaanza, "Mama, mimi..."

"Ufunguo wangu."

"Mama, nisikilize..."

"Weka hapa mkononi. Usinifanye niutafute."

Akauweka. Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki sebuleni. Mwalimu akakisukuma nje kwa ncha ya mguu, akafunga komeo mwenyewe.

Ile ripoti nikaichana. Niliyoandika upya ilikuwa na mstari mmoja: anaweza kuishi mwenyewe, asihujumiwe tu.

Ndugu zangu, mkiambiwa mzee fulani hawezi tena, ulizeni kwanza nani anafaidika akishindwa.

Na wewe unayesoma hapa huku umeshagawa vyumba vya mama yako, naye bado anapumua: unanuka.