Siku Niliyomvuta Baba Mkwe Mguu kwa Ajili ya Linux

Haya, chekeni mapema mmalize, maana hata nisipowasimulia mimi, kwaya nzima ya hapa Bondeni itawasimulia na chumvi itaongezwa. Ni kweli nilimshika baba mkwe mguu. Ni kweli niliuvuta, tena mara mbili. Na aliyenituma si shetani, ni kompyuta mpakato kuukuu niliyotaka kuiwekea Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

Kompyuta yenyewe nilipewa na shemeji, nzito kama kinu (Windows yake ukiiwasha unaweza kwenda sokoni ukarudi), nami nikaitaka kwa ajili ya kibanda changu cha steshenari. Tatizo, matundu ya flashi yote yalikuwa yamekufa, na mlango wa CD umejaa pumba za mpunga. Ikabaki njia moja tu, kuipitishia Linux kwenye waya wa mtandao wa nyumbani kutoka kwenye kompyuta yangu nyingine. Nikaangalia video, nikafuata maelekezo, ikakubali! Hapo kichwa kikavimba. Sasa nilikuwa na mbalaga jikoni, na ndizi hazitaki kuachwa peke yake, nikaona uvivu kukaa pale kujibu maswali ya mashine, basi nikaiagiza kompyuta yangu hivi: yeyote atakayebisha hodi kwenye waya, mpe Linux, futa kila kilichomo, usiulize mtu. Nikaenda zangu kugeuza ndizi.

Nilichosahau ni kwamba waya ule ni wa nyumba nzima. Ruta iko sebuleni kwa baba mkwe, na kompyuta yake ya mezani imechomekwa humo humo. Nayo kabetri kake ka ndani kalishakufa, kwa hiyo kila ikiwashwa inasahau mipangilio yote, inaanza kuuliza kwenye waya kama kuna mwenye cha kuipa, ikikosa ndipo inakumbuka kwamba ina diski yake yenyewe. Baba ni mwalimu wa kwaya. Siku hiyo alikuwa amewaita wanakwaya waje kuona video yao ya kwanza, waliyorekodi ufukweni Matema, na nakala ilikuwa moja tu, ndani ya kompyuta hiyo hiyo (mpiga picha alishafuta ya kwake). Uzinduzi ulikuwa Jumapili.

Narudi chumbani, mwiko mkononi, natazama kioo cha ile kompyuta yangu inayogawa Linux: mashine mbili zinapakua. Mbili za nani? Mimi nina moja! Mara nasikia sauti ya Baba kutoka sebuleni, "Tulieni, inafunguka. Leo imekuja na rangi nyingine, lakini inafunguka." Kumbe ya pili ni ya Baba!

Kutoka chumbani kwangu hadi sebuleni ni hatua chache, lakini kwa mkamwana wa Kinyakyusa ni mbali kuliko Mbeya. Sisi tuna ukutila: baba mkwe humsogelei, humtazami usoni, huongei naye ana kwa ana, jina lake ndiyo kabisa hulitaji. Siku hizi wengi wamelegeza, ila mimi niliolewa kwenye nyumba ambayo haijalegeza hata uzi. Basi nikazunguka nje hadi dirishani, nikamwita Mama Anyisile, yule mwimbaji wa sauti ya kwanza.

"Mama Anyisile, mwambie Baba azime kompyuta, sasa hivi!"

"Baba, mkamwana anasema uzime."

"Mwambieni avumilie, ataonea hapo hapo dirishani."

"Mama Tusa," akanigeukia mimi, "anasema uvumilie."

"Inafuta video!"

"Anasema inafuta video, Baba."

"Mwambieni haifuti. Hapa imeandika inajiandaa."

Inajiandaa! Nikavuta kitenge, nikajifunika uso wote (heshima ni heshima, hata nyumba ikiungua), nikaingia mbio. Jamani, msije mkakimbia mmejifunika uso. Nikaipiga ngoma ya kwaya teke, nikaanguka kifudifudi, nikatambaa mpaka chini ya meza, nikawa napapasa kutafuta waya wa umeme. Nikashika kitu kinene. Nikakivuta kwa nguvu zangu zote, hakikuchomoka. Nikakivuta tena.

Kisha Baba, kwa sauti ile ile anayohesabia mapigo, akasema, "Mwambieni huyo aliyeshika mguu wangu auachie. Mimi situmii umeme."

Besi wakaangua kicheko kwanza, wengine wakafuata, na katikati ya kelele Mama Anyisile akawa ananielekeza, "Kulia, Mama Tusa! Waya uko kulia!" Nikaupata, nikauchomoa, nikatoka kwa magoti kinyumenyume, na mlango nikaukosa, nikagonga kabati la vyombo.

Nikaenda kuzima ile mitambo yangu, nikatuma ujumbe kwamba sasa wawashe, nikakaa nyuma ya jiko. Nilikuwa naogopa jamani, watu wale walichangishana mwaka mzima kwa ajili ya video ile. Nikasubiri. Mara nikasikia mawimbi ya ziwa, halafu wimbo, halafu vigelegele. Nililia kwa furaha kama mtoto.

Kosa kama lile kwetu halifutwi kwa maneno matupu. Nikampa Mama Anyisile jogoo ampelekee Baba, na jibu la shukrani likarudi kupitia kwake, "Ndaga fijo. Mwambieni mguu ni mzima." Tangu siku ile nimeapa, mashine zangu ziniulize kila kitu, hata kama ni maswali mia nitakaa niyajibu moja moja.

Jioni mume wangu akapiga simu kutoka Lyulilo, alikokwenda kuchukua vyungu vya kuuza. Nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho. Akacheka mpaka akapaliwa, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Lakini Mama Tusa, kwa nini hukuchomoa waya wa kompyuta yako? Si ulikuwa umesimama mbele yake?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii, nikakata simu.