Makaburi Yamependeza

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye makaburi ya mtaa wetu, hapa Mkoani. Aliyesoma akakosa kazi ana wasaa wa kutembelea hata wafu. Kamati ya mtaa, inayosimamia kisima, njia na makaburi, ilikuwa imemaliza msaragambo wa kufyeka. Kila kitu clean, very clean! Magugu hayapo, na mawe yote yameng'olewa, yakapangwa kando ya njia na kupakwa chokaa.

Akaja bibi mmoja na kata ya maji. Huja kila Ijumaa kumwagilia mrehani alioupanda juu ya kaburi la kitoto chake. Alisimama, akatazama huku na huku.

"Mwanangu mumemueka wapi?"

"Yupo papa hapa, Bi mkubwa," alisema mwenyekiti, akizungusha mkono uwanja mzima. "Tumesafisha tu."

"Papa hapa wapi? Nioneshe kwa kidole."

Mkono ukashuka. Mwenyekiti akawatazama wenzake, nao wakayatazama mapanga yao.

"Basi chagua jiwe lolote, Bi. Tutaliweka popote upendapo."

"Mie natafuta mtoto, nyie mwanipa jiwe!"

Subhanallah, what a committee! Mipaka ya makaburi wanaijua yote, waliolala ndani yake hawawajui. Hao hawaji mkutanini kulalamika.

Bibi akapiga magoti, akawa anapapasa udongo na kunusa vidole, akitafuta harufu ya mrehani. Mwenyekiti akamsihi asiyaguse mawe, chokaa haijakauka.