Vyumba Sita vya Felista

Mwaka 1993, Alois alipopunguzwa kazi kiwandani, mkewe Felista aliendelea kushusha karoti kutoka milimani Uluguru na kuziuza mjini. Kwa faida yake alinunua kiwanja Msamvu, kabla matajiri hawajaanza kugombania viwanja vya pale, akajenga vyumba vya kupangisha, kimoja kila baada ya mavuno. Cha sita kilipoezekwa, kilikuwa na wapangaji watatu wanaokitaka.

Mpima ardhi alipokuja kuweka mawe ya mipaka, alimgeukia Alois.

“Shikamoo mzee. Niandike jina lako?”

“Marahaba. Andika la mama. Mimi nilitaka tununue pikipiki.”

Felista akataja majina yake yote matatu, polepole, ili mpima asikosee hata herufi moja.